Maneno Yaliyozoea Kalamu Yako: Namna ya Kuyasaka, na Yapi Uyaache

Mswada wa riwaya yangu ya pili ulikuwa na maneno yapatayo 60,000. Nilimpa rafiki yangu mmoja ambaye jicho lake naliamini, nikasubiri. Aliponirudishia hakuwa ameandika maoni mengi. Alikuwa amezungushia mduara wa penseli nyekundu kila penye neno "ghafla", kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Miduara 94. Mwishoni aliniandikia swali moja: "Hivi kuna jambo lolote katika hadithi hii linalotokea polepole?"

Nilitaka kuyafuta yote usiku uleule. Nashukuru sikufanya hivyo, kwa sababu nilipoyapitia moja moja niliona kila mduara umekaa mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa nimetazama vizuri kinachotokea. Kalamu ilifika pale, haikuwa na la kusema, ikashika neno lililokuwa karibu. Tangu hapo nimehariri hadithi zangu na za wenzangu kwa utaratibu ninaoueleza hapa, na katika kila neno nauliza swali lilelile: hapa nilikuwa nakwepa kutazama nini?

Kwanza maliza

Rasimu ya kwanza iandike pamoja na maneno yako yote ya mazoea. Ukianza kujikagua kwenye sentensi ya tatu utapata sentensi tatu safi na hutapata hadithi. Ukishamaliza, weka mswada kando walau wiki mbili, ufanye mambo mengine. Macho yanayotoka kuandika sura jana hayaoni kitu leo.

Saka kwa shina la neno

Fungua programu unayoandikia, uende kwenye kisanduku cha kutafuta. Hapa anayeandika Kiswahili ana kazi yake ya pekee, kwa sababu kitenzi chetu hakikai peke yake. Kinabeba nafsi, wakati na mtendwa. Ukitafuta "alitabasamu" utapata "alitabasamu" basi, na yatakupita "akatabasamu", "wakitabasamu", "nilimtabasamia". Kwa hiyo andika kipande kisichobadilika: "tabasam". Kwa "alijikuta" andika "jikut". Kwa "alianza kulia" andika "anza k", ili ikupatie "akaanza kuimba" na "wameanza kwenda" pamoja.

Maneno mafupi yana shida iliyo kinyume chake. Tafuta "mara" na utaletewa marafiki, maradhi na imara. "Sana" itakuja na sanamu, sanaa, kukosana na kugusana. "Kisha" imejificha ndani ya kuhakikisha na kufikisha. Ukitafuta "tu" bila kuizuia, kila "watu" na kila "kitu" cha hadithi yako kitawaka rangi. Programu nyingi zina chaguo la kutafuta neno zima tu. Litumie kwa maneno ya namna hii. Na amri ya kubadilisha yote kwa mkupuo mmoja usiiguse. Ukiamuru kila "mara" iwe "ghafla", marafiki wa mhusika wako watageuka "ghaflafiki", na utakuja kuliona hilo wakati msomaji ameshaliona.

Yakishapatikana, yapake rangi. Kisha punguza ukubwa wa kurasa mpaka uone kumi kwa pamoja kwenye skrini. Hutaweza kuzisoma, na hilo ndilo unalotaka: angalia rangi imerundikana wapi. Idadi peke yake haisemi mengi. Neno linalojitokeza mara 20 katika maneno 60,000, kila moja kwenye sura yake, halimkeri mtu. Lilelile likija mara nne katika ukurasa mmoja, msomaji analisikia kama bomba linalovuja usiku.

Programu za kuhesabu maneno nazo zinasaidia, ila orodha yake itaongozwa na "na", "ya", "wa", "kwa". Usishtuke. Lugha zote ziko hivyo: maneno machache yanabeba kazi nyingi, na maneno mengi hayajitokezi ila mara mojamoja. Mtaalamu wa lugha wa Marekani, George Kingsley Zipf, alilieleza jambo hilo kwa hesabu tangu miaka ya 1930. Kinachokuhusu wewe ni kwamba neno likiwa adimu, linakumbukwa kwa muda mrefu zaidi. "Akasema" ishirini katika sura moja hazionekani. "Taharuki" mbili katika sura hiyohiyo zinaonekana, na "kiwewe" cha ukurasa wa 12 bado kiko kichwani mwa msomaji anapokutana nacho ukurasa wa 30.

Baada ya macho, tumia masikio. Soma kwa sauti, sura nzima, bila kuharakisha. Sikio linakamata lisilotafutika kwa kompyuta, kama vile aya ambayo sentensi zake sita zote zinaanza kwa "Ali-".

Ghafla

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza.

Mwandishi wa Marekani Elmore Leonard aliandika makala katika gazeti la The New York Times mwaka 2001 akitoa kanuni zake kumi za uandishi, na ya sita inakataza neno la Kiingereza lenye maana ya "ghafla". Alisema kanuni hiyo haihitaji hata maelezo. Naiheshimu, ila sisi tunahitaji maelezo, kwa sababu Kiswahili kina njia zake za kuonyesha ughafla ambazo tumezisahau kwa kulitegemea neno moja.

Niliandika hivi: "Zawadi alikuwa anafunga dirisha. Ghafla taa zikazimika." Ondoa neno, uunganishe: "Zawadi alikuwa anafunga dirisha, taa zikazimika." Hakuna kilichopotea. Kitendo cha kwanza hakijaisha, "-ka-" inakikata, na mkato huo ndio ughafla wenyewe. Unataka ukali zaidi? "Hata hajafunga dirisha, taa zikazimika." Au chukua hii, ambayo wasimulizi wa mdomo wanaitumia kila siku na waandishi tunaiacha: badala ya "Alipogeuka, ghafla aliona kwamba yule mtu hayupo tena," sema "Kugeuka, hayupo." Maneno mawili. Kitenzi kimevuliwa nafsi na wakati, na msomaji anageuka pamoja na mhusika.

Karibu nusu ya zile "ghafla" 94 ziliondoka kwa njia hii, bila maumivu. Zilizonitesa ni nyingine, kama thelathini hivi. Mfano: "Ghafla mlango ukafunguliwa, baba yake akaingia." Nilijaribu "-ka-", nikajaribu "hata haja-", sentensi ikabaki imekufa. Ikanichukua siku kadhaa kuelewa kwamba baba huyu hakupaswa kuingia ghafla. Zawadi alikuwa na barua ambayo hakutaka ionekane. Nyumba ilikuwa na ngazi za mbao. Mimi mwandishi sikuwa nimezisikia nyayo za baba kwenye ngazi zile, kwa hiyo yeye pia hakuzisikia, na msomaji hakuzisikia. Nilipoandika upya, nyayo zilianza kusikika chini, zikasimama katikati, zikaendelea. Barua iliingia chini ya daftari. Mlango ulifunguliwa taratibu. Tukio lile sasa linatisha, na sababu ni kwamba limekuja polepole.

Kwa hiyo ukikutana na "ghafla" isiyotoka kwa sarufi, rudi nyuma aya mbili au tatu. Mara nyingi kuna kitu hukukiandaa.

Onyo moja. Usiitoe "ghafla" ukaweka "ghafla bin vuu", "kufumba na kufumbua" au "mara paap". Hayo ni neno lilelile limevaa nguo ya sherehe. "Hamadi!" inafaa kinywani mwa msimulizi aliye na sauti yake, anayeongea na hadhira. Ukiibandika kwenye masimulizi tulivu inaruka nje ya ukurasa.

Vitenzi vinavyosimama mlangoni

Kuna vitenzi vinavyotangulia kitenzi chenye kazi na kumzuia msomaji kukifikia. Nilikuwa navyo vitatu.

"Alianza ku-." Mtu anayelia kwa kurasa mbili hakuanza kulia, alilia. Iache pale tu ambapo mwanzo wenyewe una maana, hasa kama kitendo kinakatizwa: "Alianza kulia, akakumbuka watoto wamelala."

"Aliweza ku-." Hii naiona katika karibu kila mswada ninaosomeshwa. "Aliweza kumwona Musa akivuka barabara." Kama hakuna ukungu, ukuta wala udhaifu wa macho uliokuwa unamzuia, alimwona Musa akivuka barabara. "Aliweza" inadai kwamba kulikuwa na shaka ya kushindwa. Ukiitumia bila shaka hiyo, msomaji anasubiri kikwazo kisichokuja.

"Alijikuta." Ni neno zuri kwa mtu ambaye mwili wake umetangulia akili: alijikuta amesimama mbele ya mlango wa nyumba aliyoapa hatairudia. Lakini "alijikuta anatabasamu", "alijikuta anafikiri", "alijikuta anamwangalia" zikiwa tatu katika sura moja, mhusika amekuwa mtu asiye na utashi, na hukukusudia hivyo.

Ndugu zao ni "aliona", "alisikia" na "alihisi". "Aliona moshi ukipanda nyuma ya mlima" inamweka Zawadi kati ya msomaji na moshi. Kama tayari tuko naye, tunajua nani anaona: "Moshi ulikuwa unapanda nyuma ya mlima." Kibakishe pale kuona kwenyewe kunapokuwa tukio, au pale panapokuwa na mashaka. "Alisikia jina lake" ni tofauti sana na "Jina lake liliitwa". Katika ya kwanza huenda amekosea, na hadithi nzima inaweza kusimama juu ya huenda hiyo.

Na "huku aki-". "-Ki-" tayari inasema vitendo viwili vinakwenda pamoja, kwa hiyo "alijibu huku akifungua mkoba" inatosha kuwa "alijibu akifungua mkoba". Mimi "huku" naitunzia vitendo vinavyopingana: "Alimpongeza huku moyo ukimuuma." Ukiitumia kila mahali, hutakuwa nayo siku utakapoihitaji.

Mwili wa mhusika

Tafuta haya katika mswada wako leo: tabasam, shusha pumzi, tikisa kichwa, moyo ukimdunda, kijasho chembamba, machozi yakimlengalenga, akaguna, akashtuka. Kila mwandishi ana mawili au matatu aliyoyazoea kuliko mengine. Kwangu Zawadi alitabasamu mara 61.

Nilipozipitia nilifika kwenye ukurasa ambapo dada yake anamwambia kwamba anaondoka na hatarudi. Nilikuwa nimeandika: "Zawadi alitabasamu." Nikauliza, tabasamu la nini? La kuficha? La hasira? Au hakuamini? Sikujua. Nilikuwa nimemwandika msichana huyu kwa miaka miwili, na katika saa kubwa kuliko zote za maisha yake sikujua anajisikiaje, nikambandika tabasamu ili tuvuke.

Niliacha kuhariri siku hiyo. Niliandika pembeni, kwa ajili yangu tu, ukurasa mzima wa yale ambayo Zawadi angemwambia dada yake kama angethubutu. Hakuna hata neno moja la ukurasa ule lililoingia katika riwaya. Lililoingia ni hili: Zawadi anaichukua tiketi ya dada yake mezani, anasoma saa ya kuondoka, anairudisha mahali pake, anainyoosha pembe iliyokuwa imekunjika. Hatabasamu.

Siyo kwamba kila tabasamu lazima lipewe tiketi. Watu hutabasamu, na mengine niliyaacha kama yalivyo, hasa mahali ambapo tabasamu ni jibu kwa mtu mwingine na mazungumzo yanalihitaji. Kama 25 hivi yalibaki. Kushusha pumzi ni habari nyingine. Hiyo mara nyingi tunaitumia kuweka kituo kati ya maneno mawili ya mazungumzo, na kituo hicho kinaweza kuwekwa kwa kutoandika kitu kabisa. Funga aya, fungua nyingine. Msomaji atashusha pumzi mwenyewe.

Sana, kabisa, kwa kweli

"Sana" inapunguza kile inachodai kukiongeza. "Alichoka sana" ni dhaifu kuliko "alichoka", isipokuwa katika mazungumzo. Kabla hujatafuta kivumishi kikubwa zaidi, kumbuka kwamba lugha hii ina hazina ya tanakali: kimya jii, jeupe pe, jeusi tii, giza totoro, kujaa pomoni, kulowa chapachapa, kufunga ndi, kutumbukia chubwi. Neno moja kati ya hayo lina sauti, na sauti ni kitu ambacho "sana" haina. Lakini yapime kwa mizani ileile. "Alilala fofofo" nayo imetumika mpaka imechakaa, na ukurasa wenye tanakali tatu unapiga kelele.

Kuna pia maneno ya ofisini yanayopenya kwenye hadithi kutoka kwenye taarifa za habari: hali ya, suala la, kitendo cha, kwa upande wake. "Kitendo cha Musa kuondoka kilimuumiza" ni "Musa alipoondoka, aliumia". Haya futa bila kuyafikiria mara mbili, isipokuwa mhusika wako ni ofisa na anaongea hivyo hata na mkewe.

Yasiyostahili kuguswa

"Akasema". Iache. Leonard huyohuyo, katika makala ileile, alisisitiza kwamba mazungumzo yabebwe na kitenzi cha kusema basi, na hapa nakubaliana naye karibu kabisa. Nimesoma hadithi ambazo wahusika walinena, wakatamka, wakahoji, wakabwatuka na wakaropoka ndani ya ukurasa mmoja, na sikumbuki hata neno moja walilosema. Mimi huongeza tu "akajibu", "akauliza", "akamwambia", na "akadakia" pale mtu anapomkata mwenzake kweli.

"Basi" ya msimulizi. Kama hadithi yako inasimuliwa na mtu anayezungumza, "basi" ni pumzi yake. Ondoa zilizorundikana, acha zinazofungua hatua mpya.

Takriri. "Alingoja asubuhi. Alingoja mchana. Alingoja mpaka kivuli cha mti kikafika mlangoni." Programu itakupakia rangi tatu hapo, na zote tatu ni zako kwa haki. Jaribu kuondoa moja: kama sentensi inachechemea, ni takriri, kama hakuna aliyeona tofauti, ni mazoea.

Na maneno ya kinywani mwa mhusika. Katika riwaya ile kuna mdogo wake Zawadi, mtoto wa miaka sita, ambaye husimulia siku yake hivi: "Ghafla nikala. Ghafla nikaenda kucheza. Ghafla nikalala." Kwake dunia yote inatokea ghafla. Katika zile 94 zilibaki saba, na tano ni zake. Rafiki yangu alikuwa amezizungushia mduara na hizo. Nilibishana naye, nikashinda.

Hesabu tena

Ukimaliza, weka mswada kando wiki nyingine, uhesabu upya. Unapotoa neno moja la mazoea, jingine huchukua kiti chake bila kukuaga. Nilipotoa "alishusha pumzi", neno "kimya" lilipanda kutoka 20 hadi 52: kimya kilitanda, kimya kikatawala, wakakaa kimya. Kila mahali nilipokuwa na pumzi sasa nina kimya. Nimeshazipaka rangi ya kijani zote 52, na nyingi zimerundikana sura ya tatu, kwenye meza ambapo Zawadi na baba yake wanakula bila kuongea. Nitaanzia hapo, kwa kuuliza ni sauti gani zinasikika katika chumba kile watu wawili wasipoongea.